Nyuma ya Mlima Kisogo

Mtaa mzima ulimwita Fundi Meno, na jina lilimfaa. Kwa miaka thelathini na mbili hakuna kibogoyo aliyeingia kwenye kile chumba chake nyuma ya kliniki akatoka bila tabasamu. Alitengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari, na mwenyewe alikuwa mwepesi wa kulisema hilo: daktari hung'oa, yeye hurudisha. Mezani kwake kulikuwa na plasta, nta, unga wa waridi wa kutengenezea ufizi, na rafu iliyojaa taya za watu, kila taya na kikaratasi chake cha jina.

Rafu ya chini, nyuma ya pazia, ndiko lilikokaa jeshi. Askari mia tatu na ushee, kila mmoja na urefu wa kidole gumba, wamefinyangwa kwa unga uleule wa ufizi, ndiyo maana kabla ya kupakwa rangi walikuwa wa waridi kama vichanga. Mtu mzima na akili zake, mwenye wajukuu wawili, anacheza na visanamu! Watu walisema mpaka wakachoka, wakarudi kumletea bibi zao wapimwe meno.

Mchezo wenyewe alikuwa ameuanzisha na dada yake mkubwa, miaka ishirini na sita nyuma. Ubao mpana kama mlango, mto wa rangi ya buluu katikati, milima ya plasta, dadu mbili, na futi kamba ya fundi cherehani ya kupimia askari amekwenda hatua ngapi. Kila mchezaji alikuwa na nchi yake, na kanuni kubwa ilikuwa moja: mwenye nchi ndiye msemaji. Hukuruhusiwa kusema neno juu ya nchi ya mwenzako, hata kama unaona wazi kwamba mji wake hauna kisima na watu wake wangekufa kwa kiu. Na ukitaka kujua kilichoko ng'ambo ya ukuta wake, huulizi. Unakusanya jeshi, unakwenda kuona. Pasipofikiwa hapakusimuliwa. Dunia ile ilikuwa na matundu mengi kuliko chandarua kikuukuu, na utamu wake ulikuwa kwenye matundu hayohayo.

Dada alikuwa mchora ramani ofisi ya upimaji ardhi hadi alipostaafu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na likizo. Nchi yake iliitwa Mawanda. Aliichora kama alivyochora viwanja vya serikali, kila njia na kila kisima, mpaka kwenye Mlima Kisogo. Nyuma ya mlima aliacha karatasi nyeupe.

"Lakini wewe unajua kilichoko huko?" Fundi alimuuliza zaidi ya mara moja, kinyume cha kanuni.

"Najua tangu siku ya kwanza."

"Basi nidokeze, Dada. Kidogo tu."

"Miguu unayo. Panda."

Alipanda. Katika miaka ishirini na sita alipanda mara kumi na moja, na mara kumi na moja wapiga mishale wa Dada walimporomosha mpaka mtoni, na Dada akacheka mpaka akashika ubavu.

Enzi hizo walikuwa wachezaji kumi na wanne kila Jumamosi. Kisha kompyuta zikaja, wakaondoka mmojammoja, bila ugomvi, jinsi watu wanavyoacha kwenda kinyozi fulani. Mmoja alikuwa mkweli zaidi ya wenzake. Alimwambia Fundi kwamba kwenye gemu hahitaji kusubiri Jumamosi, na akifa anabonyeza kitufe anaamka. Kwa Fundi na wenzake, aliyekufa mezani alikuwa amekufa, alivunjwa kichwa mbele ya wote, na kuna majemadari wa ufizi waliowahi kuliliwa machozi ya kweli. Wakabaki wawili, kaka na dada. Halafu mikono ya Fundi ikaanza kutetemeka, mtetemeko mdogo, lakini meno hayataki hata mdogo. Akajua kwamba siku wao wawili wakiondoka, dunia ile itatiwa kwenye gunia na mtu anayefanya usafi.

Hofu hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango binti wa kompyuta. Alikuja kuchukua meno ya bibi yake, pazia likawa wazi, akachuchumaa mbele ya lile jeshi akasahau meno. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya kutengeneza gemu, kijana, miwani mikubwa, maneno ya haraka. Aliitaka dunia yote iwe gemu, nchi kwa nchi. Fundi alikubali kabla binti hajamaliza sentensi. Dada alikubali baada ya mwezi mzima, na kwa sharti: Mawanda wachukue, ila habari za nyuma ya Kisogo atazitoa siku ya mwisho, kwa kinywa chake mwenyewe, asizitoe mtu mwingine.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Dada alianguka bafuni. Alipozinduka mkono wa kulia ulikuwa umelala, na kinywa kile, ambacho hakikuwahi kukosa jibu, hakikutoa ila sauti moja ya puani. Daktari alisema anaelewa kila kitu anachoambiwa. Njia ya kutokea maneno ndiyo iliyokatika.

Fundi alikwenda kwa binti wa kompyuta kuomba muda.

"Mzee, pole sana, kutoka moyoni," binti alisema. "Lakini pengo siwezi kuliacha. Kwenu mezani mtu hafiki nyuma ya mlima mpaka apigane na mwenyewe. Kwetu hakuna mwenyewe. Mchezaji akiwasha tu, kitu cha kwanza ni kwenda pale ulipomkataza. Akikuta weupe atasema gemu mbovu."

"Si mngejenga ukuta?"

"Ataukwea. Wanakwea kila kitu, hujui hawa watu. Nikiweka mlango, lazima nijue nyuma ya mlango kuna nini, na sufuria iliyoko ndani ina nini."

"Na nisipoleta?"

Binti alivua miwani akaifuta. "Tutaikata Mawanda yote pale mtoni, tuweke bahari. Bahari haihitaji maelezo. Nina siku kumi na mbili, Mzee. Baada ya hapo tunafunga, hatupokei kitu kipya."

Bahari! Fundi alitembea kwa miguu kutoka ofisi ile mpaka nyumbani kwa mpwa wake, alikohamishiwa Dada, na njia nzima hakuona mtu wala gari. Aliona maji tu, yanafunika visima vya dada yake kimoja baada ya kingine.

Siku ya kwanza alimuuliza. Dada alitoa ile sauti ya puani, jasho likamtoka. Siku ya pili alimpa kalamu mkono wa kushoto aandike, zikatoka herufi zisizo na udugu, Dada akaitupa kalamu ukutani. Siku ya tatu Fundi akabuni njia ya maswali: kuna mji nyuma ya mlima? Dada akaitikia kwa kichwa. Hakuna mji? Akaitikia vilevile. Fundi alitoka nje akasimama kwenye ngazi akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na hakujali nani anamwona.

Mpwa wake alimfuata. Naye alikuwa na yake.

"Mjomba, Mama hali. Kila siku anaacha nusu ya sahani. Nusu kamili, utadhani kapima na rula. Nimembadilishia kila kitu."

"Hamu hana, mwanangu. Mvumilie," Fundi alijibu, akili yake ikiwa mlimani.

Mfa maji haachi kutapatapa. Siku ya nne alikuja na ubao kichwani na jeshi kwenye katoni la sabuni. Wazo lilikuwa limemjia akiwa anasugua taya ya mtu. Dada hawezi kusema, lakini kucheza je? Katika mchezo ule mtu aliisema nchi yake kwa mkono: anachokilinda, anachokiachia, anayemsamehe. Kompyuta haiwezi kukuonyesha hivyo, kwa sababu mwenye nchi hayuko upande wa pili wa meza. Fundi alikuwa ameisoma mikono ya Dada miaka ishirini na sita.

Aliutandaza ubao juu ya stuli mbili mbele ya kiti cha Dada. Kushoto kwa Dada miji ya Mawanda, katikati mto, kulia Mlima Kisogo na wapiga mishale wake thelathini. Dada alipouona ubao macho yalimjaa maji. Akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa askari wa kwanza.

Wakacheza siku tano, kila alasiri baada ya kliniki. Fundi alipeleka watu wake mlimani, akishika roho mkononi, akisubiri mishale. Haikuja. Dada alitupa dadu, akawaza, akasogeza askari wake huku kushoto, mijini, kwa makini yaleyale ya zamani. Wale wa mlimani hakuwagusa. Watu wa Fundi wakapita katikati yao kama wageni wa harusi, wakafika kileleni, wakatia bendera. Mara ya kumi na mbili, hatimaye. Alimtazama Dada kutafuta hata nusu ya kicheko. Dada alikuwa anatazama miji yake.

Ila wakivuka mto kuingia kushoto! Hapo Dada aliwafyeka bila huruma, siku ileile waliyovuka. Na siku ya tatu alifanya jambo lililomsisimua Fundi hadi nywele: aliupapasa ubao kwa kiganja, polepole, kutoka mijini mpaka ukingo wa mto, tena na tena, kama mtu anayebariki shamba.

Fundi akaelewa. Ewe Fundi, laiti ungekwenda kulala siku hiyo! Alielewa kwamba Kisogo ni mlima wa msamaha, kwamba watu wa nyuma yake hawamuui mgeni, kwamba kila aliyeshindwa duniani hukimbilia huko, akawekewa mkono kichwani na kubarikiwa, na haruhusiwi tena kuvuka mto kurudi na silaha. Mara kumi na moja za nyuma? Hilo nalo alilipatia maelezo: Dada alikuwa anampima kama amekwenda kwa kiburi au kwa shida. Sasa amekwenda kwa shida. Aliandika kurasa thelathini na nne, na hakuna hata moja iliyomtoka kwa uchungu. Siku ya kumi na moja alizipeleka.

Binti wa kompyuta alizisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. "Mzee," alisema, "hii ndiyo roho ya gemu yote." Wachoraji na wajenzi wake walikuwa wameshajenga mlima wenyewe kitambo, wakisubiri cha kuweka nyuma yake. Baada ya wiki mbili walimwita aone. Fundi alikaa mbele ya kioo akauona Mlima Kisogo una ukungu na ndege, na nyuma yake bonde, taa ndogondogo, wazee wanaonyoosha mikono. Alishukuru. Aliomba wampe filamu yake akamwonyeshe dada yake.

Alifika nyumbani kwa mpwa wake saa saba mchana, kompyuta ya mkononi kwapani, amechana nywele. Ndani alimkuta mama wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyetumwa na hospitali kwa mara ya kwanza siku hiyo, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu na utani mwingi. Dada alikuwa mezani. Amekula, ameacha nusu.

"Ndiyo hivyo kila siku," mpwa alimwambia mgeni. "Amekinai dunia."

Mama wa mazoezi aliinama akaitazama sahani, kisha akamtazama Dada, kisha sahani. Alishika ukingo wa sahani akaigeuza, kulia kukawa kushoto. Dada alishtuka kama aliyewekewa chakula kipya, akachukua kijiko, akala chote.

Mpwa aliangua kicheko, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

"Haoni upande wa kulia," mama wa mazoezi alieleza. "Macho mazima, kasoro iko kichwani, hukohuko ilikopita ile shoti ya kiharusi. Na wala hajui kama haoni, ndiyo shida yenyewe. Kwake upande ule si giza, mama. Haupo kabisa. Mkimwekea kitu kulia mtakuwa mmekitupa."

Fundi aliiweka kompyuta chini, sakafuni, taratibu. Wapiga mishale thelathini. Bendera kileleni. Na kile kiganja kinachopapasa ubao mpaka mtoni. Dada hakuwa anabariki kitu. Alikuwa anatafuta nusu ya nchi yake, alasiri tano nzima, na mdogo wake amekaa mbele yake anaandika kwenye daftari.

Mama wa mazoezi alipoondoka, Fundi aliutoa ubao nyuma ya kabati. Kila askari katonini alikuwa ameandikiwa mahali alipoachwa, akampanga kila mmoja pale pale. Kisha akaugeuza ubao mzima, mlima ukawa kushoto kwa Dada.

Dada aliona. Kwanza ilikuwa furaha tupu, ya mtu aliyekuta watoto wake wote wako hai, akawagusa wapiga mishale mmojammoja. Halafu akaiona bendera. Akamtazama Fundi, na lile jicho halikuhitaji ulimi. Alichukua dadu.

Kazi ilichukua chini ya saa moja. Alipiga, akapiga, akavunja vichwa kwa mkono mmoja akiwabana askari wa waridi kwenye ukingo wa meza. Bendera ilishuka. Hakuvuka mtu. Na alipomtupa wa mwisho kwenye katoni Dada alicheka, kicheko cha zamani, kimepinda upande mmoja lakini chake, akashika ubavu. Mpwa alikuja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini.

Fundi alicheka pia. Akaomba udhuru, akatoka kwenye ngazi kupiga simu.

"Nilikosea," alimwambia binti wa kompyuta. "Kisogo sicho nilichoandika. Hakuna msamaha pale. Mtoe yote, niwekeeni weupe, niwekeeni hata hiyo bahari."

"Mzee, tumefunga." Binti alisema kwa upole, na upole ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Kwenu ukikosea unageuza ubao. Kwangu nikiutoa ule mlima, njia zinakatika, watu wanazama ardhini, kila hadithi nyingine imeegemea pale. Na wameshapewa watu wa kujaribisha. Wanalia wakifika lile bonde, Mzee. Wanaandikiana habari zake."

"Lakini si kweli."

"Ni kweli sasa. Pole, Mzee wangu."

Alipoingia, Dada alikuwa ametengeneza nafasi ubaoni, nyuma ya mlima, pale pasipowahi kuwekwa kitu. Alikuwa anaonyesha droo. Mpwa alifungua hii na ile, akatoa chaki ya watoto, Dada akaitikia, akaishika kwa kushoto. Hakujaribu herufi. Alivuta mstari. Mkono ulikuwa mgeni lakini mstari ulikuwa wa mchora ramani, unajua unakokwenda. Ulishuka kutoka mlimani, ukapinda, ukagawanyika mara mbili. Dada aliinua uso akamtazama Fundi kama anakagua kama mwanafunzi anafuata, kisha akainama tena. Umepanda, macho yalisema. Umepigwa, lakini safari hii nimeona ulivyopanda. Tazama.

Ndiyo ramani aliyoisubiri miaka ishirini na sita. Angenyamaza dakika tano tu. Angejua. Watu wanapokea kwa wizi mambo makubwa kuliko hayo, na wanakufa wakiheshimiwa. Chaki ilichora duara dogo pembeni ya njia, halafu lingine. Visima? Makaburi? Alitaka kujua, akauinamia ubao. Na kila mstari aliochora Dada, Fundi aliona mzee wa kwenye kioo amesimama juu yake ananyoosha mkono.

"Dada," alisema. "Ngoja. Usichore."

Chaki ikasimama.

"Nimeshawaambia. Nilidhani umenionyesha, kumbe ulikuwa huoni. Niliandika kurasa thelathini na nne za nchi yako. Wameshajenga, Dada. Wamefunga. Nimewaomba watoe, hawawezi. Nimesema mimi, na mwenye nchi ni wewe. Nisamehe."

Dada alielewa kila neno, kama daktari alivyosema. Aliiweka chaki pembeni. Kwa ubavu wa kiganja alifuta visima, au makaburi, akafuta na njia, bila hasira, mpaka ubao ukabaki ubao.

Kisha Dada aligeuza uso. Hakumpa mgongo, hakufumba macho. Alikigeuza kichwa kushoto, kidogokidogo, kwa makini ya mtu anayepima mpaka wa shamba, macho yakiwa wazi, hadi Fundi, aliyekaa mbele yake, akabaki upande wa kulia, ule usiokuwepo. Hapo akasimamisha kichwa. Uso ukatulia, kama wa mtu aliye peke yake chumbani.